Kompyuta ikiganda, usikubali ifutwe kabla haijapimwa

SEHEMU YA 1

 Nesi wenu nimetoka zamu, nimeoga, watoto wameshakula, sasa tuongee.

Wiki zilizopita tuliongea homa, tukaongea kuhara, tukaongea kuchanganya ORS vizuri. Leo nataka tuongee kompyuta. Usipite kwanza. Najua unasema, "Nesi naye kahamia kwa mafundi." Sijahama. Ninachotaka kusema leo ni kilekile ninachosema kila siku pale kliniki, ila mgonjwa leo hana miguu.

Nyumba nyingi tunakoishi huku, kuanzia Mbagala na Chamazi mpaka Tegeta na Bunju, kuna kompyuta mpakato moja ya mtumba. Imenunuliwa Kariakoo au imetoka kwa shemeji. Hiyo moja ndiyo ya mtoto kusomea vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, ndiyo ya mama kuandikia hesabu za oda za keki, ndiyo ya baba kuangalizia mpira, na ndiyo albamu ya picha ya familia nzima. Na nyingi sasa hivi zimewekwa Ubuntu au Linux Mint badala ya Windows, kwa sababu nitakazozieleza.

Halafu siku moja inaganda. Mshale hausogei, kibodi haijibu. Au unafunga kifuniko ukahudumie mtoto, ukirudi unafungua, kioo cheusi, haiamki. Unaipeleka kwa fundi. Fundi anaiangalia dakika mbili anasema, "Hii Linux ndo tatizo, tuipige Windows upya."

Msimamo wangu, na ninausema mapema ili usinisubiri: usikubali. Siyo kwa sababu Linux haina makosa, inayo, nitayataja. Usikubali kwa sababu hajapima kitu chochote. Na usikubali ifutwe bila wewe kukubali ukiwa unajua kitakachopotea ni nini.

SEHEMU YA 2: yaliyonikuta

Kompyuta yetu tuliinunua ikiwa imetumika, RAM ya GB 4, hadi diski ya kawaida. Mdogo wangu aliyekuwa chuoni ndiye aliyeiweka Ubuntu, maana Windows iliyokuja nayo ilikuwa ya wizi na imejaa virusi, kila flashi tukichomeka mafaili yanageuka njia za mkato. Tukakaa nayo karibu miaka mitatu bila kero.

Kwenye hiyo kompyuta kulikuwa na picha za mwanangu wa kwanza tangu anatoka wodini. Mwaka wake mzima wa kwanza. Na kulikuwa na video moja, dakika kama tatu hivi, mama mkwe wangu amembeba anamwimbia ili alale. Mama mkwe alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Ile video ndiyo sauti yake pekee tuliyokuwa nayo.

Januari moja, joto la Dar unalijua, ikaanza kuganda. Mwanzoni mara moja kwa wiki, baadaye kila jioni. Baba watoto akaipeleka kwa fundi wa mtaani, kijana mzuri tu, mchangamfu. Jioni ikarudi inang'aa, ina Windows. Nikauliza, "Picha ziko wapi?" Baba watoto akampigia. Fundi akasema, "Kwani kulikuwa na kitu? Mimi nimefomati yote."

Sikulala ile usiku. Sikumtukana fundi, maana sisi wenyewe hatukumwambia chochote na yeye hakutuuliza chochote. Picha kama kumi na kitu tulizipata kwenye simu ya wifi yangu, nilikuwa nimemtumia kwa WhatsApp. Video haikupatikana mpaka leo.

Sasa sikia kinachoniuma zaidi. Siku ya tisa, ile kompyuta yenye Windows mpya ikaganda. Vilevile. Jioni, saa ileile, juu ya kitanda kilekile.

Tukaipeleka kwa fundi mwingine. Huyu aliuliza inaganda saa ngapi, inafanyiwa nini, inawekwa wapi. Akaifungua mbele yetu. Feni ilikuwa imezibwa na vumbi lililoshikana na nyuzi za khanga na shuka mpaka limekuwa kama blanketi dogo. Akasafisha, akapaka upya ile dawa inayotoa joto kwenye prosesa, akafunga. Ikapona. Baadaye mdogo wangu akaturudishia Ubuntu, na haikuganda tena kwa sababu ile.

Kwa hiyo tulipoteza sauti ya bibi kwa ugonjwa wa vumbi.

SEHEMU YA 3: kila homa si malaria

Nyie wa umri wangu mnakumbuka. Zamani mtoto akichemka tu, dawa ya malaria. Hakuna kupima. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayeshukiwa malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Leo kipimo cha haraka cha kidole kipo mpaka zahanati ndogo. Tulibadilika kwa sababu homa ni dalili. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa mapafu, mkojo, sikio. Ukitibu malaria kwa mtoto mwenye nimonia, umempa dawa na bado unampoteza.

Kuganda kwa kompyuta ni homa. Hakuna ugonjwa unaoitwa kuganda. Vitu vinavyoweza kuigandisha ni vingi, ila ninavyokutana navyo kwenye meseji zenu ni hivi:

Joto. Feni imeziba, au kompyuta inatumika juu ya godoro na mto, pale inapovutia hewa pamezibwa. Prosesa nyingi hupunguza kasi zikikaribia nyuzi joto 100, na zikizidi mashine inajizima yenyewe. Alama yake: inaanza vizuri, inaganda baada ya nusu saa au saa, na ukiigusa chini inaunguza.

RAM imejaa. Umefungua kurasa ishirini za intaneti, YouTube ya mtoto inacheza, na una GB 4 tu. Linux ikikosa RAM inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na kama diski ni ile ya zamani inayozunguka, kila kitu kinasimama. Alama yake: taa ya diski inawaka mfululizo, na ukisubiri dakika mbili tatu wakati mwingine inarudi.

Diski inakufa. Alama yake: mlio wa tik tik, mafaili yanagoma kufunguka, kuwasha kunachukua muda mrefu kuliko zamani.

RAM mbovu au haijakaa sawa. Inaganda bila mpangilio, leo kwenye kuandika, kesho ikiwa haifanyi kitu.

Na mwisho, mfumo wenyewe: keneli mpya iliyokuja na masasisho, au programu inayoendesha kioo. Keneli ni ule moyo wa Linux unaozungumza na vyuma. Alama yake: ilikuwa nzima kabisa, umesasisha Jumapili, Jumatatu imeanza.

Umeona? Katika matano hayo, manne hayaponi kwa kupiga Windows. Ukifuta na kuweka upya, vumbi liko palepale, RAM ni ileile, diski ni ileile.

SEHEMU YA 4: "Lakini Nesi, si bora Windows tu?"

Swali hili nimeulizwa sana, nalijibu kwa heshima.

Kama una Windows halali na mashine inaibeba, tumia, hakuna dhambi. Ila wengi wetu hatuna. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo haizikubali rasmi karibu mashine zote zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8, na ndizo hizo zimejaa madukani kwa bei tunayoiweza. Kwa hiyo ukiambiwa "tunapiga Windows", mara nyingi maana yake ni nakala ya wizi iliyovunjwa kufuli na mtu usiyemjua, kwenye mashine yenye namba zako za siri na picha za watoto wako. Mimi hilo linanitisha kuliko kuganda.

Programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzitumia na kuzirekebisha bila kununua leseni, siyo vitu vya watoto wa chuo kuchezea. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds. Ubuntu ilitoka mwaka 2004, na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo wa 2004, hapa kwetu, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili.

Na mimi nesi nazitumia kazini bila hata kuzitangaza. Vile vitabu vya MTUHA unavyoona tunavijaza ukija kliniki, takwimu zake zinaingizwa kwenye DHIS2, nayo ni programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Kama inabeba takwimu za afya za nchi, inaweza kubeba hesabu zako za keki.

Sasa na upande wa pili. Linux ina udhaifu wa kweli, na mahali pake pakubwa pa udhaifu ni kulala na kuamka. Watengenezaji wengi wa kompyuta mpakato hujaribu mashine zao kwa Windows kwanza, wengine kwa Windows tu. Wanaotengeneza Linux wanakuja kuunganisha baadaye. Mwenye kukuambia Linux haina shida yoyote anakudanganya kama anayekuambia mtoto hatasumbua siku ya chanjo.

SEHEMU YA 5: ikiganda sasa hivi, fanya hivi kwa mpangilio

Mgonjwa akianguka mbele yangu sianzi na upasuaji. Natazama kama anaitika, kama anapumua. Fanya hivyohivyo, na mfundishe na mtoto, maana yeye ndiye anayekimbilia kuchomoa waya.

Kwanza, subiri dakika mbili. Kweli, tazama saa. Mshale unasogea? Muziki unaendelea? Taa ya diski inapepesa?

Pili, bonyeza Caps Lock. Kama taa yake inawaka na kuzima, moyo bado unapiga. Kilichoganda ni kioo au programu moja. Kama taa haibadiliki kabisa, huenda keneli yenyewe imesimama, ruka mpaka ya nne.

Tatu, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na F3 (mashine nyingine zinataka na Fn). Ikitokea skrini nyeusi inayoomba jina, usiogope, ni habari njema. Ingiza jina na neno lako la siri, neno la siri halionekani ukiandika, ni kawaida. Kisha andika:

sudo reboot

Itazima na kuwaka kistaarabu. Ukitaka kurudi ulikotoka bila kuzima, kwenye Ubuntu mara nyingi ni Ctrl, Alt na F2.

Nne, kama hakuna kinachojibu: shikilia Alt pamoja na PrtSc, na huku umezishikilia bonyeza S, subiri sekunde chache, bonyeza U, subiri, bonyeza B. S inaamuru vilivyo njiani viandikwe kwenye diski, U inafunga diski isiandikwe tena, B inawasha upya. Ubuntu inaruhusu hizi tatu bila wewe kubadilisha kitu.

Tano, na ni ya mwisho: shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kama kumi mpaka izime. Ukiifanya mara moja haitakuua, ila ukiifanya kila siku, ndivyo mafaili yanavyoharibika.

Ikiwaka tena, kabla hujafungua YouTube, tafuta programu inayoitwa Terminal, andika:

journalctl -b -1 -e

Hiyo inaonyesha mashine iliandika nini muda mfupi kabla haijaganda mara iliyopita. Huelewi? Hata mimi sielewi yote. Piga picha kwa simu zile mistari za mwisho. Hiyo picha ni kama karatasi ya maabara, wewe huisomi lakini anayejua akiiona anajua aanzie wapi.

SEHEMU YA 6: daftari

Kila mtoto wa hapa ana kadi ya kliniki. Ukija bila kadi tunakusema, kwa sababu uzito wa leo pekee hauniambii kitu. Nataka nione mstari unapanda au unashuka.

Chukua daftari la mia tano, andika kila ikiganda: tarehe, saa, ilikuwa juu ya nini (meza, kitanda, miguu), ilikuwa kwenye chaji au betri, ilikuwa inafanya nini, Caps Lock ilijibu au haikujibu, umeme ulikuwa umekatika na kurudi au la. Wiki moja tu inatosha.

Mama mmoja wa Tegeta alinitumia daftari lake. Mashine ndogo, ya bei nafuu, inaganda kabisa hata ikiwa imepoa, hata akiwa hafanyi kitu, na Caps Lock haijibu. Hakuna joto, RAM haijajaa. Nikamwomba anisomee jina la prosesa: Celeron N2840. Nikampeleka kwa mdogo wangu, akacheka akasema hiyo inajulikana.

Ni kweli inajulikana. Familia hiyo ya prosesa za Intel, inayoitwa Bay Trail, iliuzwa sana kwenye mashine za bei rahisi miaka ya 2014 na 2015. Kwenye Linux zilikuwa na kasoro: prosesa ikipumzika inazama kwenye usingizi mzito kupita kiasi, haitoki. Watu wa nchi mbalimbali waliiripoti, na ikachukua miaka kutulia. Dawa iliyowasaidia wengi ni maneno machache ya kuongeza kwenye mipangilio ya kuwasha, intel_idle.max_cstate=1, yanayoizuia prosesa isizame sana. Gharama yake ni betri kuisha haraka zaidi. Wakamwekea, na mpaka ananiandikia mara ya mwisho mashine ilikuwa haijaganda tena.

Hapo tatizo lilikuwa Linux kweli. Na bado dawa haikuwa kufuta. Ilikuwa mstari mmoja. Bila daftari angeshapigiwa Windows na mafaili ya duka lake yote yangekwenda.

SEHEMU YA 7: inalala, haiamki

Hii ndiyo inayotusumbua akina mama kuliko wote, kwa sababu sisi hatukai kwenye kompyuta saa mbili mfululizo. Tunafungua, mtoto analia, tunafunga, maharage yanaungua, tunafungua. Kwa siku inalala na kuamka mara kumi.

Kuna kulala kwa aina mbili. Kuna usingizi mzito: kila kitu kinazimwa isipokuwa RAM, inayobaki na umeme kidogo ili ikumbuke ulikuwa wapi. Na kuna usingizi mwepesi, kama wa mama mwenye kichanga, amelala lakini sikio liko macho. Mashine za miaka ya karibuni nyingi zimeundwa kwa usingizi huu mwepesi, na baadhi hazina ule mzito kabisa. Ukiulala vizuri, sawa. Usipokaa sawa, asubuhi betri imekwisha, au unaitoa kwenye begi inachoma.

Kujua yako inalala usingizi gani, andika kwenye Terminal:

cat /sys/power/mem_sleep

Utaona s2idle, ambao ni mwepesi, na pengine deep, ambao ni mzito. Uliofungwa kwa mabano ndio unaotumika. Kama yote mawili yapo na mwepesi ndio unaokusumbua, jaribu mzito kwa muda:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Hifadhi kazi zako, ilaze, subiri dakika tano, iamshe. Jaribu mara tatu nne. Ikigoma, zima na uwashe, jaribio limejifuta lenyewe, hujaharibu kitu. Ikikubali, ndipo umwambie anayejua aiweke iwe ya kudumu. Na kinyume chake pia hutokea: mzito ndio hauamki, mwepesi ukafanya kazi.

Ikiamka na kioo cheusi lakini Caps Lock inajibu, imeamka, ni kioo kilichobaki kimelala. Jaribu Ctrl, Alt, F3 kisha urudi ulikotoka. Kama kero imeanza baada ya kusasisha, washa huku umeshikilia Shift, au kwa mashine mpya gonga Esc, utapata menyu. Chagua Advanced options halafu keneli ya zamani. Ikilala na kuamka vizuri kwenye ya zamani, umeshamjua mkosaji, na hujafuta hata picha moja.

Na nikuambie ukweli ambao mafundi hawapendi kuusema: kuna mashine hazitalala vizuri kwenye Linux hata ufanye nini. Basi usiilaze. Nenda kwenye mipangilio ifunge skrini tu, au izime kabisa ukimaliza. Kuzima ni bure.

Kitu cha usalama hapo hapo. Usiiweke kwenye begi au chini ya mto mpaka uhakikishe taa zimetulia na feni imenyamaza. Usichajie kitandani walipolala watoto. Na ukiona sehemu ya kugusia mshale imenyanyuka au kifuniko cha chini kimetuna, hiyo ni betri imevimba. Zima, chomoa, usiibonyeze wala kuitoboa, itolewe na anayejua. Nimeuguza majeraha ya moto, sitaki nikuone kule.

SEHEMU YA 8: ridhaa

Mgonjwa haingii chumba cha upasuaji bila ridhaa. Tunamweleza tunachofanya, hatari yake, na njia nyingine zilizopo, ndipo anaweka sahihi. Hata kama upasuaji ndio utakaomwokoa, bado tunauliza.

Kufomati ni upasuaji wa kutoa kumbukumbu zote. Kwa nini mtu afanye bila kuuliza?

Siwasemi mafundi kwa ubaya. Wana wateja kumi mezani, kila mmoja anataka leo, na kupima kunachukua muda ambao mteja hataki kuulipia. Kufomati kunachukua saa moja na bei yake inajulikana. Hapo na sisi tuna kosa. Tukubali kulipia kupimwa, kama tunavyolipia maabara. Ukimwambia fundi "nitakulipa ya kuangalia hata kama hutatengeneza", utashangaa anavyotulia.

Kabla hujamwachia mashine, muulize haya:

Umepima nini mpaka sasa? Joto? Diski? RAM? Akisema Linux ndo tatizo, mwombe aiwashe kwa flashi yenye Ubuntu bila kugusa diski. Ikiganda na hapo, huenda tatizo ni la chuma.

Diski ni nzima? Kwenye Ubuntu kuna programu ya Disks, na ndani yake kipimo cha SMART. Inachukua dakika chache. Kama diski inaumwa, kazi ya kwanza ni kuokoa picha, mengine baadaye.

Ukilazimika kufuta, nakala ya mafaili yangu itakaa wapi, na nitaiona lini kabla hujafuta?

Halafu bandika karatasi juu ya kifuniko kwa selotepu: USIFUTE CHOCHOTE BILA KUNIPIGIA. Weka namba yako. Watakucheka. Wacha wacheke.

Na ukisikia "mama, haya mambo huyawezi, mwite baba", jibu kwa upole kwamba wewe ndiye unayejua inaganda saa ngapi. Kliniki hatumuulizi jirani mtoto ameharisha mara ngapi, tunamuuliza aliyekuwa naye.

SEHEMU YA 9: usiku huu

Sikuombi ukumbuke amri zote. Hifadhi tu hizi posti. Ila usiku huu, kabla hujalala, fanya kimoja.

Chukua flashi au diski ya nje, nakili folda ya picha na video. Ukipata nafasi tengeneza nakala ya pili, mpelekee mama yako au dada yako, ikae nyumba nyingine, maana mwizi na mafuriko havichagui. Kisha jaribu kufungua picha mbili tatu kwenye hiyo flashi uone kama kweli zinafunguka. Chanjo iliyopo kwenye friji haijamkinga mtoto mpaka achomwe.

Mwanangu juzi aliniuliza bibi alikuwa anaongeaje. Nikajaribu kumwigiza ule wimbo. Akanisikiliza, akasema, "Mama, hiyo ni sauti yako."

Nakili picha mama. Kisha niandikie hapo chini: yako inaganda saa ngapi, iko juu ya nini, na Caps Lock inajibu? Jumamosi natoka zamu ya usiku, nikiamka nitawajibu mmoja mmoja. Na mtumie posti hizi mama mwenzio ambaye kompyuta yake iko kwa fundi sasa hivi. Akimpigia simu fundi leo, huenda bado hajaifuta.